Mahali, Nafasi na Kipimio: Jiografia ya Binadamu Mbele ya Rubafu

Katika ngeli zote za Kiswahili hakuna iliyo na upweke kama ngeli ya mahali. Nomino yake ni moja tu, nayo ni hilo neno mahali lenyewe, lililotoka katika Kiarabu likavishwa upatanisho wa Kibantu: mahali hapa, mahali pazuri, mahali pamoja. Watu wa Unguja hata hawakuridhika na vazi hilo. Wakalivuta zaidi hadi likawa pahala, ili kichwa cha neno kifanane na mkia wake. Lakini upweke huo ni wa nomino peke yake. Viambishi vya ngeli hiyo ni vitatu, na kila kimoja kina kazi yake. Anayesema Rubafu pana wavuvi anaonyesha kwa kidole. Anayesema Rubafu kuna wavuvi anazungusha mkono. Anayesema Rubafu mna wavuvi anafungua mlango na kumwonyesha msikilizaji waliomo ndani. Mtoto wa miaka minne hutofautisha mambo haya matatu bila kufundishwa na mtu.

Jiografia ya binadamu, yaani elimu ya namna watu wanavyokaa juu ya ardhi, wanavyoigawana, wanavyoihama na wanavyoipa maana, hutumia kurasa nyingi kuufikisha wanafunzi wake pale alipokwisha kufika mtoto huyo. Dhana zake za msingi zinajulikana: mahali, nafasi, umbali, mandhari, kanda, mpaka, kipimio. Zana zake nazo ni ramani, sensa, picha za anga na siku hizi kompyuta. Katika Tanzania dhana hizo hufundishwa mara mbili, kwanza kwa Kiswahili katika shule ya msingi na kisha kwa Kiingereza katika sekondari, kana kwamba ni mambo mawili mbalimbali. Mtoto wa Bukoba huwa amekwisha kuzijua mara ya kwanza kwa Kihaya, nacho kina viambishi vyake vya mahali. Swali linalostahili kuulizwa na mhakiki si kama maneno ya Kiswahili yanatosha kuzitafsiri dhana hizo. Swali ni kama dhana zenyewe, kwa umbo zilimotufikia, zinaweza kuisimulia Rubafu pasipo kuidhulumu.

Rubafu ni kata ya Bukoba Vijijini, katika nchi ya kale ya Bugabo, kaskazini mwa mji wa Bukoba, ukingoni mwa Ziwa Victoria. Kwenye ramani ya taifa haionekani. Kwenye ramani ya mkoa wa Kagera ni jina lililoandikwa kwa herufi ndogo, karibu na samawati ya ziwa. Mkaguzi wa ramani hiyo atajifunza mambo mawili: kwamba Rubafu iko mwisho wa barabara, na kwamba nyuma yake hakuna kitu ila maji. Mvuvi wa mwalo wowote wa pwani hiyo angeyapindua maelezo hayo juu chini. Kwake yeye maji ndiyo njia, na barabara ndiyo inayokomea.

Turudi kwenye maneno. Mwaka 1977 Yi-Fu Tuan, mwanajiografia mzaliwa wa China aliyefundisha Marekani, alitoa kitabu kilichozikalisha dhana mbili uso kwa uso: upande mmoja uwazi usiojulikana, wenye uhuru na wenye kutisha; upande wa pili pale palipokwisha kuzoewa na kupewa thamani. Dhana ya pili ilipata mahali bila shida. Ya kwanza imewasumbua watafsiri wa Kiswahili: wapo walioiita eneo, wapo walioiita anga, na wengi wameiita nafasi. Neno hili la mwisho ndilo lenye utajiri, na pengine ndiyo sababu halikubali kufungwa katika fasili ya darasani. Nafasi ni uwazi baina ya vitu viwili, ni wakati, kama katika kauli ya kila siku ya sina nafasi, ni fursa, ni cheo au kazi inayongoja mtu. Mwalimu wa jiografia anayependa usafi wa istilahi ataliona neno hili kuwa chafu. Angalifikiri tena. Torsten Hägerstrand wa chuo kikuu cha Lund, Sweden, katika makala yake ya mwaka 1970 iliyoanzisha jiografia ya wakati, alijitahidi kuonyesha kwamba uwazi na muda havitenganiki: kila mtu huchora njia moja isiyokatika tangu kuzaliwa hadi kufa, na njia hiyo hubanwa na uwezo wa mwili, na haja ya kukutana na wengine, na amri za wenye mamlaka. Hägerstrand alihitaji michoro ya pande tatu kulieleza jambo hilo. Mwanamke wa Rubafu anayerudi na maji kutoka bondeni, ambaye bado hajapika, na ambaye shamba lake la njugumawe liko mbali kule mbugani, hulieleza kwa maneno mawili: sina nafasi. Hana muda, hana uwazi, na, kama itakavyoonekana, hana haki.

Mandhari ya Bukoba ndiyo mtihani mgumu kuliko yote kwa dhana hizi. Mvua ya ukanda wa ziwa ni nyingi, kiasi cha milimita 2000 kwa mwaka katika mji wa Bukoba, na hupungua haraka kadiri mtu anavyokwenda magharibi. Mvua hiyo huosha udongo wa mawe ya mchanga na kuuacha na tindikali, bila chakula cha mimea. Kwa kanuni za vitabu, ardhi ya namna hiyo ingepaswa kuwa na watu wachache. Badala yake mna vijiji vilivyosongamana, vilivyofunikwa na migomba na mibuni, na baina ya kijiji na kijiji pametanda nyasi tupu. Wahaya huita shamba la nyumbani kibanja, na mbuga ya nyasi huiita rweya. Mtazamaji wa mara ya kwanza hudhani kwamba watu walichagua udongo mzuri wakauacha mbaya. Geoffrey Milne, mtaalamu wa udongo aliyekuwa kituo cha utafiti cha Amani, mkoani Tanga, aliandika mwaka 1938 juu ya kitendawili hicho cha Bukoba: rutuba kubwa na rutuba hafifu zikikaa pamoja juu ya udongo wa asili moja. Waliomfuata, wakiwamo Jørgen na Karin Rald waliochapisha utafiti wao huko Uppsala mwaka 1975, walieleza jinsi mfumo wenyewe unavyofanya kazi. Nyasi za rweya hukatwa zikatandazwa chini ya migomba. Nyasi za rweya huezeka nyumba, na paa lilipochakaa liliozea shambani. Ng'ombe hulishwa rweya mchana na kulala nyumbani usiku, na samadi yao huingia kibanjani. Kwa miaka mingi isiyohesabika watu wamekuwa wakiibeba mbuga kichwani na kuifukia chini ya mgomba.

Hapo basi neno mandhari linapwaya. Mandhari ni kitu cha kutazamwa. Ndani yake limo nadhari, limo jicho la mtu aliyesimama pembeni. Kibanja hakitazamwi, hutengenezwa. Tena ndani ya kibanja wamezikwa wazee, na makaburi yao yamo katikati ya migomba, hivi kwamba anayeuza shamba huuza pamoja na wafu wake, au hujikuta akitafuta maneno ya kuwatoa katika hesabu ya mauzo. Lugha ya sensa itasema kaya moja yenye robo hekta ya migomba. Hilo si uongo, lakini ni sawa na kumweleza mtu kwa uzito wa mifupa yake.

Rweya ndiyo iliyodhulumiwa zaidi na istilahi. Ramani za matumizi ya ardhi huipaka rangi ya manjano hafifu na kuandika kando yake nyasi, au malisho, au, pale mchoraji alipochoka, ardhi isiyotumika. Kumbe ndiyo ghala la kibanja. Ndipo wanawake wanapolima misiri yao, vishamba vya msimu mmoja au miwili vya njugumawe, muhogo na viazi, kisha huviacha vipumzike kwa miaka kadhaa. Katika miaka hiyo ya mapumziko mpita njia haoni ila majani. Je, ardhi iliyopumzika ni ardhi tupu? Swali hili lingebaki kuwa la wanafalsafa lau sheria isingeliingilia. Sheria ya Ardhi namba 4 ya mwaka 1999, ilipofasili ardhi ya jumla, yaani ile iliyo chini ya mamlaka ya serikali kuu moja kwa moja, ilitia ndani yake pia ardhi ya kijiji isiyokaliwa au isiyotumika. Sheria ya Ardhi ya Vijiji namba 5 ya mwaka huo huo, katika fasili yake ya neno lile lile, haikuyatia maneno hayo. Wanasheria wamelumbana juu ya tofauti hiyo tangu wakati huo. Kwa mhakiki wa lugha, jambo ni dogo na la kutisha: kijiji kizima chaweza kupoteza mbuga yake kwa sababu ya kivumishi kimoja, na kivumishi hicho kilikuwa tayari kimeandikwa pembeni mwa ramani kabla hakijaandikwa katika sheria. Miti ya mbao ya kigeni iliyopandwa juu ya rweya nyingi za Bukoba na Muleba ilianza kwa kutamkwa hivyo, kwamba hapa hapana kitu. Atakayesema humu mna kitu ni yule aliyewahi kuingia.

Juu ya mpaka mengi yameandikwa, na yanaweza kufupishwa. Tarehe 1 Julai 1890 Waingereza na Wajerumani walikubaliana kwamba mstari wa digrii moja kusini mwa ikweta ukate ziwa na kuendelea magharibi. Novemba ya mwaka huo huo Emin Pasha akaanzisha kituo cha Wajerumani cha Bukoba. Mstari huo unapita kaskazini kidogo tu ya Rubafu. Haukuuliza mto wala kilima, na mto Kagera, uliolipa jina jimbo zima, ukajikuta unaingia ziwani upande wa Uganda. Tofauti hiyo baina ya mstari wa karatasi na mstari wa maji ndiyo aliyoitumia Idi Amin. Majeshi yake yalivuka mpaka Oktoba 1978, na tarehe 1 Novemba ikatangazwa kwamba nchi yote iliyo kaskazini mwa mto ni ya Uganda, kwa hoja kwamba mto ndio mpaka wa asili. Vita vilivyofuata vilimtoa Kampala Aprili 1979. Hakuna mfano ulio wazi kuliko huo wa kuonyesha kwamba neno asili, likiwekwa kando ya neno mpaka, huwa tayari limevaa magwanda.

Lakini mstari huo ulifanya jambo jingine la kimya zaidi, ambalo vitabu vya jiografia havilisemi. Uligawanya neno. Kusini mwake kibanja ni shamba la ukoo, lenye mgomba, kahawa na kaburi, na mwenye nalo hujiona bwana wa mahali pake. Kaskazini mwake, katika Buganda, baada ya mkataba wa mwaka 1900 ulioleta milki za mailo, kibanja ni kipande anachokikalia mtu juu ya ardhi ya mwingine, na sheria ya Uganda ya mwaka 1998 ilibidi imtafutie mkaaji huyo ulinzi. Neno ni moja, mgomba ni mmoja; aliyevuka digrii moja amegeuka mpangaji. Si kwamba upande wa kusini ulikuwa pepo. Nyarubanja, mfumo wa machifu na wakubwa kumiliki vibanja vya wengine na kupokea ushuru wao, uliwafanya Wahaya wengi wapangaji katika makaburi ya babu zao hadi sheria za miaka ya 1960 zilipouondoa.

Umbali nao hupimwa kwa kilomita, na kilomita za Bukoba ni za kejeli. Kampala iko karibu zaidi kuliko Mwanza kwa mwenye gari, na Dar es Salaam, ambako kwa miaka mingi maamuzi yalikuwa yakifanyika, iko mbali zaidi ya mara nne kuliko Kampala. Miaka mingi ziwa ndilo lililofupisha njia ya Mwanza, na wasomaji wa visiwani hawahitaji kuelezwa maana ya chombo kisichofika. Meli ya MV Bukoba ilizama tarehe 21 Mei 1996 ikikaribia Mwanza, na mamia ya watu wakafa. Tangu siku hiyo umbali wa Bukoba na Mwanza haukubadilika hata kwa mita moja, lakini kwa familia nyingi ulirefuka, na daraja la Kigongo na Busisi lililofunguliwa mwaka 2025 limefupisha barabara tu. Mwanajiografia anayetaka kuupima umbali huo kwa rula atapata jibu sahihi la swali ambalo halikuulizwa.

Dhana ya kipimio, au skeli, inahitaji subira zaidi, kwa kuwa ndiyo yenye hila. Wanafunzi hufundishwa kwamba kipimio ni uwiano baina ya karatasi na ardhi. Ni zaidi ya hapo: kipimio ni uamuzi wa nani aonekane. Mwaka 1983 wagonjwa watatu wa kwanza wa ukimwi nchini Tanzania walitambuliwa mkoani Kagera. Ugonjwa huo wenyeji waliuita kwanza Juliana, jina la nguo zilizokuwa zikiletwa na wafanyabiashara kutoka Uganda katika miaka ya uhaba baada ya vita. Ndani ya jina hilo mlikuwamo jiografia nzima ya msiba: njia, biashara, mpaka, vijana wenye fedha, na kile walichorudi nacho. Ramani za taifa zilizofuata hazikuwa na njia wala biashara. Zilikuwa na mkoa mmoja uliopakwa rangi ya kukolea kuliko mingine. Rangi hiyo iliwafuata Wahaya hata Dar es Salaam, ikawakalia wale ambao hawakuwahi kuvuka Mutukula. Takwimu zilikuwa sahihi na kipimio kilikuwa kibaya. Na waliolaumiwa walikuwa watu, si kipimio. Hapa lugha ya mtaani iliishinda lugha ya wizara kwa usahihi, maana Juliana alisema kuna, naye mchoraji wa ramani akasema ndio hapa.

Isidhaniwe kutokana na hayo kwamba elimu ya wenyeji hukosoa na kamwe haikosolewi. Sifa za kibanja zimekuwa nyingi mno katika maandishi ya wasomi wa Kagera, nazo mara nyingi huandikwa na wana wa kiume waishio mijini, ambao kwao kibanja ni kumbukumbu na urithi. Desturi ya Kihaya ilimpa mwanamume ardhi ya ukoo na kumpa mwanamke matumizi yake. Katika kibanja alikuwa binti, mke au mjane. Palipokuwa na jembe lake mwenyewe ni katika msiri, kule rweya, juu ya udongo ambao haukumrithisha mtu. Mwaka 1990 Mahakama Kuu ya Mwanza, mbele ya Jaji Mwalusanya, iliamua shauri la mwanamke wa Kihaya aliyekuwa ameuza shamba alilorithi kwa baba yake, na mpwa akadai kwamba mwanamke hana haki ya kuuza ardhi ya ukoo. Jaji alikataa. Alisema kwamba desturi hiyo ya ubaguzi haiwezi kusimama mbele ya katiba iliyokwisha kupokea haki za binadamu. Haki ile haikutoka ndani ya mahali; ilitoka katika kipimio kikubwa, cha taifa na cha mikataba ya dunia. Marehemu Doreen Massey, mwanajiografia wa Uingereza, aliandika mwaka 1991 kwamba mahali pasifikiriwe kama boma lenye ukuta bali kama makutano ya mahusiano yanayotoka mbali. Hoja yake huonekana ya kifasaha mno inapotajwa katika semina. Kwa mwanamke yule ilikuwa na thamani ya shamba.

Fasihi ya ziwa imefanya zaidi katika jambo hili kuliko inavyosifiwa. Aniceti Kitereza wa Ukerewe, aliyemaliza riwaya yake kubwa kwa Kikerewe mwaka 1945 na kuiona ikichapishwa kwa Kiswahili miaka ya 1980 karibu na kifo chake, mara nyingi amelaumiwa kwa kusimamisha hadithi ili aeleze jinsi ndizi zinavyoivishwa kwa pombe, jinsi mtego unavyotegwa, jinsi mgeni anavyopokewa mlangoni. Wahakiki wengine waliviona vifungu hivyo kuwa ni elimu ya mila iliyomshinda mtunzi kuificha. Visomwe upya na mwanajiografia. Myombekere anapokwenda kwa wakwe zake kumrudisha Bugonoka, msomaji hupewa njia, muda, mzigo, na sheria ya kila kizingiti. Uwezo, makutano na mamlaka, vile vitu vitatu vya Hägerstrand, vimo vyote miaka 25 kabla yake. Nyimbo za nanga za Wahaya nazo, ambazo M. M. Mulokozi alizitafiti na kuzitetea kuwa ni tendi kamili, zina ziwa lenye mwenyewe, Mugasha, mwenye mawimbi na dhoruba. Mtu anaweza kutomwamini Mugasha. Hata hivyo ziwa lenye mwenyewe haliwezi kuandikwa kuwa ni samawati iliyo nyuma ya barabara.

Kasoro ya istilahi za Kiswahili katika taaluma hii basi si uchache wake. Ni haraka iliyotumika kuzitunga, neno kwa neno, kutoka kwenye faharasa za vitabu vya kigeni, pasipo kupita kwanza Rubafu, wala Ukerewe, wala Makunduchi. Kamusi ya jiografia inayoweka nomino tu na kuviacha viambishi imeacha chombo kilicho bora nyumbani. Jambo la kwanza la kujaribiwa ni ufunguo wa ramani. Ramani ya kijiji, zile zinazochorwa na wanakijiji wenyewe katika mipango ya matumizi ya ardhi, huwa na alama za barabara, shule, zahanati, mwalo, kahawa na migomba. Alama ya msiri uliopumzika haimo. Ingetosha kistari kimoja cha penseli, na mwanamke mmoja au wawili wa kuonyesha kipite wapi, kabla karatasi haijapelekwa wilayani kupigwa muhuri.